Wimbo wa Amani Unapimwa kwa Kiitikio Chake

Vikundi vya kijamii vinavyohamasisha amani hutuomba mara kwa mara tuvichagulie wimbo wenye ujumbe mzuri. Jibu letu huwakera kidogo: kabla ya ujumbe, tazameni wimbo umeundwaje, na kama mtu aliyeusikia leo kwa mara ya kwanza anaweza kuupokea kabla ubeti wa pili haujaisha.

Nyimbo nyingi za jadi, katika jamii zisizofanana hata kidogo, zimejengwa kwa kupokezana. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Kiitikio ni kifupi, hakihitaji karatasi wala ala, na mwimbishaji ana ruhusa ya kubadilisha maneno papo hapo kulingana na yaliyotokea asubuhi ile. Msemaji wa hotuba akikamatwa, hotuba imekatika. Mwimbishaji akikamatwa, aliye jirani yake anaudaka wimbo.

Chukua We Shall Overcome ("Tutashinda"), wimbo wenye mizizi katika nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Mwaka 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku mjini Charleston, South Carolina, wengi wao wanawake weusi, waligoma, na wimbo huo ukawa wa mgomo wao. Baadhi yao waliupeleka Highlander, shule ya watu wazima huko Tennessee iliyowaweka weusi na weupe darasa moja wakati sheria za kusini zilikataza. Zilphia Horton, aliyefundisha muziki pale, aliupenda akaueneza. Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani, aliupata kwake. Mwaka 1959 polisi waliivamia shule hiyo usiku. Wakati wa upekuzi, vijana waliokuwa wamekaa gizani walianza kuimba, na hapo hapo wakaongeza ubeti mpya: hatuogopi. Ubeti ule haukupitia kwenye kamati yoyote. Umbo la wimbo liliacha nafasi, nao wakaijaza. Aprili 1960 mwimbaji Guy Carawan aliuimba mjini Raleigh mbele ya wanafunzi waliokutana kuunda umoja wao wa kupinga ubaguzi, na wanafunzi hao wakarudi na wimbo huo makwao.

Liberia ilitumia njia hiyo hiyo. Mwaka 2003, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wanawake Wakristo na Waislamu, Leymah Gbowee akiwa miongoni mwa viongozi wao, walivaa fulana nyeupe wakakaa kwenye uwanja karibu na soko la samaki mjini Monrovia, ambapo msafara wa Rais Charles Taylor ulipita. Walikaa juani na mvuani wakiimba na kusali. Mkataba wa amani ulitiwa saini Accra Agosti mwaka huo. Tusiseme nyimbo ndizo zilizomaliza vita. Mapigano mjini, shinikizo la nchi jirani na hati ya mashtaka dhidi ya Taylor vilifanya kazi yake. Lakini kumfanya mama arudi kukaa chini siku baada ya siku, kando ya mama wa dini nyingine, hiyo ni kazi ambayo tamko la kurasa kumi haliiwezi.

Sasa upande usiopendwa kutajwa. Umbo lile lile hubeba chuki bila kulalamika. Nchini Rwanda, Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu aliyetumia mitindo ya jadi. Mwaka 1994 redio RTLM ilizipiga nyimbo zake wakati wa mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji hayo, iliyokaa Arusha, ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, na hukumu ile inafaa kusomwa kwa makini: kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani akichochea mauaji. Kuhusu nyimbo zenyewe, mahakama ilikubali kwamba zilitumika kuchochea, ila haikuthibitishwa kwamba alizitunga kwa nia hiyo. Ngoma haina itikadi.

Kwa hiyo kikundi kinapochagua wimbo, tunashauri kichunguze umewahi kuimbiwa nini. Wimbo wa mavuno kwa upande mmoja unaweza kuwa wimbo wa uvamizi masikioni mwa upande wa pili. Waulizeni wazee wa pande zote mbili, tena kila upande peke yake, maana mbele ya wageni wengi hujibu kwa adabu tu. Na mwimbishaji asiwe wa upande mmoja kila siku.

Liko pia suala la umiliki, linalosumbua mara wimbo unapopendwa. We Shall Overcome ulisajiliwa hakimiliki miaka ya 1960, mrabaha wake ukienda kwenye mfuko wa kusaidia jamii za watu weusi kusini. Hata hivyo kesi ya kupinga hakimiliki hiyo ilifunguliwa, na mwaka 2018 pande zikakubaliana kwamba wimbo uwe mali ya umma. Mnaorekodi nyimbo za vijijini, basi, andikeni mapema aliyewafundisha ni nani na ni wa jamii gani, na mapato yakubaliwe kabla mashine haijawashwa.