Mwaka Ambao Mtu wa Faza Aliishika Ngome ya Mvita

Wageni wengi wakiingia Fort Jesus, ngome ya Mvita, yaani Mombasa, huuliza kwanza habari za Wareno. Ni kweli wao ndio walioijenga, kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati wa Milan, ili kila chombo kinachoingia Bandari ya Kale kipite mbele ya mizinga yao. Lakini sogea karibu na ukuta ulitazame jiwe. Utaona vijitundu na mikunjo ya matumbawe. Ni jiwe letu la pwani, na handaki la upande wa mji lilichongwa katika mwamba uo huo.

Kisa ninachotamani kila mtoto wa Mji wa Kale akijue ni cha kuzingirwa. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696. Askari wa Kireno ndani walikuwa wachache mno. Wengi waliojifungia humo walikuwa watu wa pwani waliokuwa upande wao, pamoja na wake na watoto. Maradhi yaliua kuliko mizinga. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 ngome ilikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, naye akaishikilia mpaka msaada ulipofika Septemba. Kwa nini mtu wa Faza? Faza na Pate ziko kisiwa kimoja karibu na Lamu na zilikuwa mahasimu wa siku nyingi, na Pate ilikuwa upande wa Waomani. Kwa hiyo kuviita vita vile vya Wareno na Waarabu peke yao ni kuwafuta Waswahili katika historia yao wenyewe.

Meli mojawapo ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome Oktoba mwaka huohuo. Wapiga mbizi walianza kuichimbua 1977, na baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho yetu. Ngome yenyewe ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33.

Baadaye walikuja Wamazrui, ukoo wa asili ya Omani uliotawala Mombasa, kisha Masultani wa Zanzibar, kisha Waingereza walioifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia.

Ukija, omba uonyeshwe michoro ya ukutani iliyoachwa na askari wa Kireno: meli, samaki na watu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Simama hatua moja nyuma, maana rangi ile haivumilii vidole.