Betri ya saa na ufunguo wa chumba cha kompyuta

Mwezi wa pili niliitwa kwenye sekondari moja ya kata mkoani Mbeya, juu ya Isyonje, kule ambako ukungu huamka kabla ya watu. Ujumbe wa mkuu wa shule ulikuwa mfupi: "Fundi, kompyuta kumi na nne zimekufa. Njoo utuandikie barua tuzifute kwenye leja."

Mali ya serikali haifutwi hivi hivi. Lazima apatikane mtu wa fani aandike kwamba haitengenezeki. Nikapanda Kosta Uyole na begi langu, bisibisi na betri kadhaa za akiba.

Nikawasha ya kwanza. Kioo cheusi, mistari miwili ya Kiingereza ikisema saa imepotea, bonyeza F1 kuendelea. Nikabonyeza. Ikawaka. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu iligoma kuiona diski yake mpaka nilipoingia kwenye mipangilio na kuirudisha ilivyokuwa zamani. Hadi saa sita mchana nilikuwa nimezipitia zote. Kumi na moja hazikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya betri ya saa.

Kwa asiyeijua: ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye madabodi, kuna betri bapa ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kuishikia mashine tarehe na mipangilio yake wakati umeme haupo. Kompyuta iliyochomekwa ukutani muda wote huitumia kidogo sana. Kompyuta ya shule huchomolewa likizo ya Juni, ikachomolewa Desemba, na katikati ikakaa wiki nzima bila kuguswa, kwa hiyo betri inafanya kazi peke yake na inaisha mapema. Ikiisha, mashine inaamka ikidhani ni Januari ya miaka kumi na zaidi iliyopita. Hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu tovuti yenye ulinzi huja na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2010 inakiona cheti hicho kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, na inakataa kufungua ukurasa. Mwalimu anasoma "tovuti si salama", anaulaumu mtandao, anazima.

Mwalimu anayeshika hesabu za shule hiyo alikuwa akishuka Uyole kwenye steshenari, kwa nauli yake, kuingiza taarifa kwenye FFARS, mfumo ambao shule na zahanati hutumia kuandika mapato na matumizi yao. Miezi mingapi, sikumuuliza. Betri nilinunua Mwanjelwa shilingi 2,000 moja.

Nasimulia hili kwa sababu kila tunapozungumzia kupeleka TEHAMA mashuleni, mazungumzo huishia siku lori linaposhusha maboksi. Kuna picha, kuna hotuba, kuna mgeni rasmi anayeshika kipanya kana kwamba kitamwuma. Mimi kazi yangu huanza mwaka wa nne au wa tano baada ya picha hiyo, na nimefika mahali nikaamini kwamba mfumo wenyewe, bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, unaipenda kompyuta iliyokufa kuliko iliyo hai.

Nchi hii imekwenda na mashine hizi kwa hatua za kusitasita. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Baadaye mambo yakageuka: mtaala wa shule za msingi wa 2005 ukaja na somo la TEHAMA, na mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi. Vitabu vilitangulia umeme. Miaka ile nilimwona mwalimu huko Rungwe akichora kipanya ubaoni kwa chaki, mkia wake na vitufe viwili, darasa zima likinakili. Mtoto mmoja alikuwa amekiongezea masikio. Sikumlaumu.

Sasa umeme umefika sehemu nyingi, kazi ya REA, wakala wa umeme vijijini, inaonekana, lakini umeme wa mwisho wa laini si umeme wa mjini. Shule nyingi huku zinachangia transfoma na mashine ya kusaga. Mashine ile inapoanza kuzunguka, mwanga wa taa unashuka, na mita yangu imewahi kusoma volti 160 mahali palipotakiwa 230. Vifaa vya umeme vya kompyuta nyingi huvumilia kwa muda, kisha siku moja havivumilii. Halafu kuna radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili milima hii haichezi, na kinachoua si lazima radi ipige jengo. Waya mrefu wa mtandao uliotandazwa kutoka ofisi ya walimu hadi chumba cha kompyuta unaokota mshtuko hewani na kuupeleka kwenye swichi ya mtandao na kila kilichounganishwa nayo. Watu huniambia, "Lakini tulizima." Kuzima hakutoshi, chomoa ukutani, na waya wa mtandao nao uchomoe.

Kuna pia hesabu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo sijawahi kuiona kwenye andiko la mradi hata mmoja. Kompyuta 20 za mezani na monita zake, kila moja wati 100, saa nne kwa siku, siku 20 za masomo: uniti 160 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ni shilingi 350, hiyo ni 56,000. Chukua shule ya msingi ya watoto 500. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Ni milioni tatu kwa mwaka, 250,000 kwa mwezi. Kwa hiyo umeme wa kompyuta peke yake unakula zaidi ya moja ya tano ya fedha inayotakiwa inunue chaki, ichape mitihani na kuziba paa. Mwalimu mkuu anayefunga chumba kile si mshamba, ni mtu anayejua kujumlisha.

Nirudi kwenye kufunga. Chumba cha kompyuta karibu kila shule niliyopita kina grili, kufuli mbili, na ufunguo uko kwa mkuu. Mkuu akienda semina Dodoma, ufunguo umeenda semina. Nilimuuliza yule wa Isyonje kwa nini asimwachie mwalimu wa somo.

"Fundi, wewe utalala kwako leo," alinijibu. "Ikipotea moja, anayeandika maelezo polisi ni mimi."

Hakuna nilichoweza kujibu. Kwenye leja, kompyuta iliyokufa ndani ya chumba kilichofungwa haina kesi. Iliyoibiwa ina kesi. Mwanafunzi ambaye hakuigusa kwa miaka minne haonekani kwenye leja yoyote. Ukipanga adhabu namna hiyo, usishangae watu wakichagua kufuli.

Ndiyo maana vishikwambi walivyopewa walimu baada ya Sensa ya 2022 nimevipenda kuliko nilivyotarajia. Kina betri yake, mashine ya kusaga haikisumbui, na kinalala nyumbani kwa mwalimu, kwa hiyo suala la ufunguo linakufa lenyewe. Darasa la watoto 60 haliwezi kukitazama, hilo najua. Lakini mwalimu anayeandaa somo usiku, na anayeingiza taarifa za wanafunzi wake kwenye mfumo wa PReM bila kupanda Kosta, tayari ni mabadiliko. Tumezoea kudhani TEHAMA shuleni maana yake ni mtoto mbele ya kioo. Kwa sasa kinachofanya kazi kweli ni taarifa zinazopanda kwenda juu: usajili, mahudhurio, fedha. Kinachoshuka kwa mtoto bado ni chembamba.

Hicho chembamba ndicho ninachohangaika nacho. Kwenye shule mbili nimeweka seva ndogo, Raspberry Pi, inayokula kama wati tano tu. Ndani yake nimeweka Kolibri yenye masomo na mazoezi, na Kiwix inayobeba Wikipedia ya Kiswahili nzima bila intaneti. Vifaa vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi, hakuna bando linaloliwa. Mara ya kwanza nilikosea: nilihifadhi kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu, umeme ukakatika ikiwa katikati ya kuandika, kadi ikaharibika, na nililazimika kuanza upya. Sasa natumia diski ya SSD na pawabanki kati ya ukuta na seva. Jambo dogo, lakini hakuna aliyenifundisha, na sijaona likiandikwa kwa Kiswahili, basi limeandikwa hapa.

Mtu ataniuliza kuhusu lugha. Programu za Kiswahili tulishazipata zamani: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kukokotoa, mwaka 2004. Nilipoweka menyu za Kiswahili kwenye shule moja, walimu waliniomba nizirudishe. Kidato cha kwanza kinafundishwa kwa Kiingereza, na mtoto mwenye simu nyumbani tayari anasema "sevu". Niliumia kidogo, nikazirudisha.

Tuishie Isyonje. Nilibadilisha betri saba mwenyewe, nne za mwisho nikamwachia binti wa kidato cha pili aliyekuwa akichungulia dirishani tangu asubuhi. Alikamata bisibisi kama aliyezaliwa nayo. Kwenye kila kasha tulibandika kipande cha plasta chenye tarehe ya siku ile, ili atakayekuja baada yangu ajue. Barua niliiandika, ya kompyuta tatu badala ya kumi na nne, na mkuu akaisoma mara mbili.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kisha akafungua daftari la bajeti kutafuta kifungu cha kulipia betri kumi na moja, shilingi 22,000. Chaki ilikuwa na kifungu, usafi ulikuwa na kifungu, michezo ilikuwa na kifungu. Nilipokwenda kituoni kuwahi gari la mwisho, mwalimu wa taaluma na yule anayeshika hesabu za shule walikuwa wamevuta viti, na kifungu bado kinatafutwa.