Msiba wa Ng'ambo ya Ruvuma: Taifa na Dola si Kitu Kimoja

Pale Kilambo, tunapovukia kwenda Msumbiji, nilimkuta bibi mmoja amesimama mbele ya afisa uhamiaji na kikapu cha unga wa muhogo.

"Mjukuu wangu, hata msiba wa dada yangu unataka muhuri?"

"Msiba ni wako, bibi. Mpaka ndio wa serikali."

Nimefundisha uraia miaka mingi na sijawahi kuieleza tofauti ya taifa na dola kwa maneno machache kiasi hicho.

Dola ninayoisema siyo ile ya kubadilishia benki. Ni mamlaka juu ya eneo na watu wake: hutunga sheria, hutoza kodi, hulinda mipaka. Ndiyo maana polisi na jeshi tunawaita vyombo vya dola. Mkataba wa Montevideo wa 1933 ulitaja sifa nne za dola: wakazi wa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Serikali, kwa hiyo, ni sehemu tu ya dola. Huja na kuondoka, dola ikabaki.

Taifa halina orodha ya namna hiyo. Ni watu wanaojiona wamoja, kwa lugha, historia au mapito ya pamoja. Waswahili wa Mombasa walijiita Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya watu, zamani kabla ya mambo ya bendera na wimbo.

Kionga, eneo dogo kusini ya mlango wa mto Ruvuma, inafundisha zaidi. Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana mto uwe mpaka. Mwaka 1894 Wajerumani wakavuka, wakaitwaa Kionga. Wareno wakaiteka mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukawapa rasmi. Mwaka 1975 ikawa sehemu ya Msumbiji huru. Ukoo uliokaa palepale, kwenye minazi ileile, umepita chini ya dola tatu bila kuhama hata hatua moja.

Kuna pia dola isiyo na taifa kwa maana ya leo. Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi, ilikuwa na sultani, sarafu zake za shaba na ushuru wa dhahabu ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, lakini watu wa bara waliofanya nayo biashara hawakujiita Wakilwa. Wakurdi ni kinyume chake: taifa kubwa lililogawanyika kati ya Uturuki, Iraki, Irani na Siria, bila dola yao.

Kwetu dola ilitangulia. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 likaundwa Jeshi la Kujenga Taifa. Jina lenyewe linakiri kwamba taifa lilikuwa bado linajengwa, na matofali yake makubwa yalikuwa Kiswahili na shule zilizochanganya watoto wa mikoa yote. (Kitambulisho cha taifa, kwa njia, hutolewa na dola. Majina nayo hutuchanganya.)

Yule bibi, alipoulizwa uraia, alijibu "Mtanzania" kabla swali halijaisha. Kisha akaanza kumsimulia yule afisa, kwa Kimakonde, jinsi dada yake alivyougua.