Kikomo cha pweza hakiandikwi kwa kilo

Rasimu ya kanuni za uvuvi ikifika shehiani, yaani serikali ya mtaa, hapa Pemba, swali la kwanza barazani huwa lile lile: "Tutaruhusiwa kilo ngapi?" Mwenye kuuliza ana haki yake. Lakini mie ambaye kazi yangu ni hizo hizo hesabu za samaki, nasema kwa uvuvi wa mwambani swali hilo halitufikishi mbali.

Kilo na tani zina mahala pake. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli na ambayo Tanzania ni mwanachama wake tangu 2007, iliweka kikomo cha tani 80,583 kwa mwaka kwa jodari wa macho makubwa, kwa 2024 na 2025. Huko inawezekana. Meli ya bahari kuu ina leseni, ina chombo kinachoonyesha ilipo usiku na mchana, nahodha anajaza daftari la mavuno, na mzigo unashushwa bandari inayojulikana. Ukiwa na hayo yote, tani unaweza kuigawa na unaweza kumkamata aliyezidisha.

Sasa shuka diko lolote, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, la kusini Pemba maji yakianza kujaa. Mama anatoka mwambani na pweza watatu kwenye kijiti. Mmoja wa kitoweo, wawili anawachukua mchuuzi pale pale mchangani, na bwana diko yuko upande wa pili anaandika vibua vilivyoletwa na mashua. Wale watatu hawamo kwenye daftari lolote. Kikomo cha tani juu ya mavuno ya namna hiyo ni namba ya kupamba ripoti tu.

Kuna na sababu iliyo ndani ya pweza mwenyewe. Huyu wa kwetu, ambaye wataalamu humwita Octopus cyanea, umri wake ni kama mwaka, akizidi sana mwaka na nusu. Jike hutaga mara moja tu maishani: hujifungia pangoni akayalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Vitoto huelea na mkondo kwa wiki kadhaa ndipo vitue mwambani, pengine mbali na pango vilikotoka. Kwa hiyo pweza wa mwaka huu karibu wote si wale wa mwaka jana, na kikomo kilichopigwa kwa hesabu za mwaka jana kinahesabu waliokwisha kufa.

Lakini anakua kwa kasi ya ajabu. Pweza mdogo anaweza kuongeza uzito mara mbili kwa mwezi mmoja na kitu. Ukimchokoa, yaani ukimtoa tunduni kwa kijiti, akiwa na nusu kilo, umekula faida ya mwezi ujao. Hapo ndipo lilipotoka wazo la kufunga mwamba kwa muda, asichokoe mtu pweza hapo. Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, walianza na mwamba wa Nosy Fasy mwishoni mwa 2004 na wakaufunga miezi saba. Kwetu Pemba, Kisiwa Panza ni miongoni mwa shehia zilizofuata njia hiyo, na miezi mitatu ndio muda uliozoeleka. Kikomo hapa ni kalenda na alama za maboya.

Sisifu bila kiasi, maana kufunga nako kuna hila zake. Ukifunga mwamba mmoja bila kuzungumza na jirani, wachokoaji wote wanahamia wa pili na huo ndio unaoumia. Na ukifunga katika miezi ambayo majike hayajaingia pangoni, utapata pweza wakubwa siku ya kufungua, basi; kizazi hukukisaidia sana.

Linalonikera zaidi ni jinsi maoni yanavyokusanywa. Wapemba wanajua kwamba bamvua maji hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Maofisa nao wanapenda kuita mkutano saa nne, chai ikiwa tayari. Mkutano ukiangukia bamvua, wanawake wachokoaji wako mwambani, na wanaobaki barazani ni wanaume wa mashua, mchuuzi mkubwa na wazee. Wote wananyoosha mikono: tufunge! Kwa nini wasinyooshe? Wao wana mshipi, wana dema la kutegea samaki, wana maji ya kina. Anayelala na njaa kwa miezi mitatu hakuulizwa. Mkutano huo ungewekwa maji mafu, siku ambazo hata akishuka pwani hapati kitu, angekuja.

Halafu ije siku ya kufungua. Vijana wanazamia na miwani na viatu vya mpira, wengine wametoka shehia nyingine kwa mashua za mashine, na pweza wakubwa wanaokaa ukingoni mwa mwamba ni wao. Mama anatembea pale kwenye maji ya magoti akiokota waliobaki. Pweza wanajaa diko kwa siku moja, na mchuuzi anashusha bei kwa sababu anajua hakuna barafu ya kuwaweka hadi kesho. Hapo hesabu ya kilo inapendeza kweli kweli kwenye ripoti, na mama yule hatotaka kusikia tena habari ya kufunga.

Haya yote yana dawa, ila sharti yaandikwe kabla ya boya la kwanza kutupwa: bei ipatanwe na wanunuzi zaidi ya mmoja, siku ya kwanza au sehemu ya mwamba iachiwe wanaotembea kwa miguu, na wavuvi wa dago, wale wanaohamia kwa muda kutoka kwingine, wajue wanaingia lini na kwa ruhusa ya nani. Ulinzi nao una gharama. Kamati ya wavuvi ya shehia haiwezi kulinda usiku kwa imani tupu. Mafuta ya boti yatoke wapi, asilimia ya mauzo ya siku ya kufungua au mfuko wa serikali? Nimeona rasimu nzuri sana zikaruka swali hilo kwa sentensi moja, "wananchi watashirikishwa katika ulinzi."

Ikiwa fomu ya maoni imekufikia, anza na miezi iliyopendekezwa, uwaulize wachokoaji wa kwenu huwaona lini majike yaliyojifungia na mayai. Kisha andika siku na saa ambayo mkutano wenu uliitwa, na maji siku hiyo yalikuwaje.