Je, wajua kwa nini mwanga wa leza hutuliza kisigino kilichouma kwa miezi?

Maumivu haya yana dalili yake: hatua ya kwanza asubuhi huchoma kama mwiba, hatua chache baadaye yanalegea, na jioni baada ya kusimama sana yanarudi. Kinachouma ni fashia ya unyayo, utando mnene unaoanzia upande wa ndani wa mfupa wa kisigino hadi vidoleni, nao ndio unaoshikilia upinde wa mguu.

Tumezoea kuita hali hii uvimbe, yaani mwitikio wa mwili kwa jeraha, lakini ikishakuwa sugu jina hilo halitoshi. Mwaka 2003, Harvey Lemont na wenzake nchini Marekani walichunguza kwa hadubini vipande vya fashia kutoka kwa wagonjwa 50 waliofanyiwa upasuaji. Hawakuona seli za mwitikio huo. Waliona nyuzi zilizochakaa na kupoteza mpangilio. Ukarabati wa mwili umekwama, na ndiyo maana vidonge vya kupunguza uvimbe mara nyingi havimalizi tatizo.

Leza inaingilia hapo. Hii si leza ya kukata. Hutumia mwanga mwekundu au ule wa infraredi usioonekana, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 600 hadi 1000, ambao damu na maji huuzuia kidogo kuliko mwanga mwingine. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mwanga huo hunyonywa na kimeng'enya kilichomo ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, seli ikapata nishati zaidi ya kujijenga, na mishipa midogo ya damu ikatanuka. Aliyefungua njia ni daktari Endre Mester wa Budapest. Mwaka 1967 alimulika panya walionyolewa kwa leza dhaifu ili aone kama ingewaletea saratani. Saratani haikutokea, ila manyoya yaliota haraka zaidi.

Swali muhimu kliniki ni kipimo. Nguvu kwa wati ikizidishwa kwa sekunde hutoa jouli. Chama cha kimataifa cha tiba hii, WALT, kinapendekeza kwa leza ya nanomita 780 hadi 860 angalau jouli 4 kwenye kila nukta, nukta 2 au 3, kila siku kwa wiki 2 au siku moja baada ya nyingine kwa wiki 3 hadi 4. Kifaa cha miliwati 200 hutoa jouli 4 kwa sekunde 20. Cha miliwati 30 kinahitaji zaidi ya dakika 2. Jaribio lililochapishwa mwaka 1998 lilitumia miliwati 30, na wagonjwa hawakupata nafuu zaidi kuliko waliomulikwa kwa leza bandia. Kuzidisha nako kuna hasara: kipimo kikipita kiasi, seli hupunguza kazi badala ya kuongeza. Kuwa macho pia na leza za mapigo za nanomita 904, ambazo mwanga wake hutoka kwa vipande vifupi vifupi. Tangazo linaweza kutaja wati 50, kumbe hiyo ni nguvu ya kilele cha pigo moja. Uliza nguvu ya wastani.

Mahali pa kumulika pana uzito uleule. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta wa karibu milimita 18, na juu yake ngozi nene, pengine na magaga. Mwanga unaopita humo hufika umechoka. Kwa hiyo mtaalamu mzuri hutafuta kwanza kwa kidole gumba sehemu inayouma zaidi, kisha huweka kichwa cha kifaa upande wa ndani wa kisigino, ambako fashia iko karibu, na kukikandamiza. Kukandamiza husukuma damu pembeni na kufupisha safari ya mwanga. Anayepitisha kifaa hewani huku mgonjwa amevaa soksi anapoteza muda wa wote wawili.

Leza zenye nguvu kupita miliwati 500 hupasha joto, hivyo kichwa chake lazima kisogezwe muda wote. Ngozi nyeusi hunyonya mwanga zaidi. Unyayo wetu ni mweupe kiasi, lakini pembeni mwa kisigino rangi hukolea na joto hupanda haraka. Tatuu iepukwe, na mwenye piko ni afadhali asubiri ifutike. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hawezi kusema "inachoma", kwa hiyo huyo asimulikwe kwa leza kali. Penye saratani, kumulika ni marufuku. Macho ya wote chumbani yavae miwani ya kinga inayolingana na nanomita za kifaa. Miwani ya jua haitoshi, na kwa kuwa infraredi haionekani, jicho halipepesi kujilinda.

Nafuu inayoonekana katika majaribio ni ya maumivu, kwa wiki na miezi michache. Muda huo utumie kuupa utando nguvu. Kabla ya kukanyaga sakafu, weka mguu juu ya goti la pili, vuta vidole kuelekea ugoko kwa sekunde 10, mara 10. Rudia mara 3 kwa siku. Kisha siku moja baada ya nyingine simama kwenye ngazi, taulo iliyokunjwa ikiwa chini ya vidole, inua kisigino kwa sekunde 3, tulia 2, kishushe kwa 3. Leza bila mazoezi haya, maumivu hurudi kwa urahisi.

Wiki 4 zikipita bila mabadiliko, usinunue vipindi vingine kabla ya kuchunguzwa upya. Kisigino kinachouma kikibanwa pande zote mbili huenda kina ufa kwenye mfupa. Ganzi na mwasho huelekeza kwenye neva. Na visigino vyote viwili vikiuma pamoja na mgongo unaokakamaa asubuhi, mwone daktari wa magonjwa ya viungo.