Mlangoni Si Mikononi

Wiki hii nimeulizwa tena, na mtu msomi kabisa: "Kwa hiyo huko Marekani mama akimwacha mtoto popote, sheria inamlinda?" Hapana! Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura hapa California, na swali hili limenichosha kwa sababu linaua. Siku binti mwenye hofu atakaponong'onezewa uongo huo, atakayelipa ni mtoto.

Historia niipitie upesi. Sheria yenyewe humruhusu mzazi kukabidhi kichanga mahali salama bila kushtakiwa kwa kumtelekeza. Texas ndiyo iliyoanza, mwaka 1999, baada ya watoto wachanga kuokotwa Houston mmoja baada ya mwingine. Kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria yake. Umri wa mwisho wa mtoto kukabidhiwa unatofautiana sana: kwetu ni saa 72 tangu kuzaliwa, Texas siku 60, North Dakota mwaka mzima. Nebraska iliandika "mtoto" bila kutaja umri, na ndani ya miezi michache ikaletewa watoto zaidi ya 30, wengi wao wakubwa, wengine kutoka majimbo ya mbali. Novemba 2008 ikaweka kikomo cha siku 30.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe: kukabidhi. Sheria yetu inataka mtoto apokewe na mhudumu aliye zamu, hospitalini au kwenye kituo cha zimamoto kilichoteuliwa. Apokewe na mtu. Kumlaza kwenye ngazi za kituo saa nane usiku kisha ukaondoka si kukabidhi, ni kutelekeza, na kosa linabaki kosa. Zimamoto wakiitwa kwenye ajali, kituo kinaweza kubaki kitupu. Kichanga hawezi kujitunzia joto; akiwa bado na maji ya uzazi mwilini anapoa ndani ya dakika chache, hata usiku usio na baridi. Majimbo mengine, Indiana ikiwemo, yameruhusu visanduku vya ukutani vyenye king'ora, lakini usidhani kila ukuta unacho.

Halafu kuna ile habari watu wanayoisema, kwamba "haulizwi chochote". Jina hulazimiki kulitaja. Utapewa fomu ya historia ya afya. Unaweza kuijaza, kuikataa, au kuondoka nayo uirudishe kwa posta. Mtoto tunamvisha kifundoni bangili yenye namba, na wewe unapewa yenye namba ileile, kwa sababu ukibadili nia una siku 14 za kumdai. Watu hudhani bangili hiyo ni kama hati ya kiwanja. Siyo. Inasaidia kuonyesha ni mtoto yupi, lakini haithibitishi kuwa wewe ni mzazi, wala haikupi haki ya kumchukua. Ustawi wa jamii na mahakama bado wana kazi yao. Na ukionekana umemuumiza mtoto, sheria hii haikukingi kwa hilo.

Je, inasaidia? Takwimu za serikali zinaonyesha mauaji ya watoto siku ya kuzaliwa yalipungua kwa karibu theluthi mbili, ukilinganisha miaka ya 1989–1998 na ile ya 2008–2017. Nazifurahia, lakini siwezi kuapa kuwa sheria ndiyo iliyofanya hivyo. Katika miaka hiyohiyo mimba za mabinti wadogo zilipungua sana. Na yule aliyejikatalia kuwa ana mimba mpaka uchungu ukamkuta chooni, peke yake, atakumbuka saa ngapi kituo cha zimamoto kiko wapi? Huyo ndiye ninayemhofia zaidi, na sioni kama tumemfikia. Baba naye, ambaye huenda hajui hata kama kuna mtoto, ananisumbua pia.

Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni mtoto mwenyewe akishakuwa mtu mzima, akitafuta alikotoka. Usiku mmoja nilipokea kichanga aliyeviringishwa kwenye koti la kofia, kitovu kimefungwa kwa kamba ya kiatu, fundo zuri, limekazwa vizuri. Mama yake alikuwa na mguu mmoja wa kiatu usio na kamba. Aliikataa fomu, bangili akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka, akaniomba niandike jambo moja tu. Nikaliandika kwenye faili, neno kwa neno, na saa niliyoambiwa: "Nimeshamnyonyesha."