Je, wajua kwa nini jina la faili iliyo kwenye seva hukataa kubadilishwa kutoka herufi kubwa kwenda ndogo?

Katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, makarani huweka faili zao kwenye folda moja ya pamoja iliyo kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine za ofisi. Karani aliyekuta SHEHENA.xlsx anataka isomeke Shehena.xlsx. Anabadilisha jina, halibadiliki. Au anaambiwa faili yenye jina hilo ipo tayari. Ipo kweli: ni hiyo hiyo anayoibadilisha!

Kwa kompyuta, S kubwa ni namba 83 na s ndogo ni 115. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta uliofuata nyayo za mfumo wa Unix wa mwaka 1969, huzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Windows kwa kawaida huhifadhi jina jinsi ulivyoliandika, lakini ikilitafuta haijali ukubwa wa herufi. Mac nayo huwa hivyo.

Seva nyingi za ofisini ni za Linux, na anayezipatanisha na Windows ni Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia mwaka 1992. Windows ikiomba shehena.xlsx, Samba hutafuta kwanza tahajia hiyo hasa. Ikikosa, hupitia majina yote ya folda bila kujali ukubwa wa herufi. Kwa hiyo programu inayouliza kwanza kama jina jipya limeshachukuliwa hujibiwa ndiyo, ikaacha kazi. Wakati mwingine jina limeshabadilika, ila Windows bado inaonyesha orodha iliyoihifadhi sekunde chache zilizopita. Bonyeza kitufe cha F5 orodha isomwe upya kabla ya kurudia.

Dawa ni kupitia jina la kati: badilisha SHEHENA.xlsx iwe shehena-muda.xlsx, kisha iwe Shehena.xlsx.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pale mtu anayetumia Linux anapounda Shehena.xlsx kando ya shehena.xlsx. Seva inazikubali zote mbili. Kwenye Windows zote huonekana, lakini ukibofya moja unaweza kufunguliwa nyingine. Uzito wa kontena ukasahihishwa katika faili moja, na iliyotumwa forodhani ikawa ile yenye kosa. Ukiona majina pacha kama hayo, usifute lolote ukiwa kwenye Windows. Mwombe msimamizi wa seva azifungue zote mbili hukohuko, alinganishe yaliyomo, na moja aipe jina lisilofanana kabisa na la mwenzake.